Ndege za Jumuiya zimetawanyika, kumbukumbu zimebaki Jinja na Mbale

JINJA/MBALE. Ukipanda hadi ukingo wa Wanale, ule ukuta wa mawe unaoinamia mji wa Mbale, unaweza kuona kitu ambacho wakazi wa miji mingi hawakioni: mgongo wa ndege ikiwa hewani. Ukingo huo uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Rubani wa ndege ndogo anayeruka futi 6,500 yuko kwenye mita 1,980 hivi. Kwa hiyo Cessna inayotoka Soroti kwenda upande wa Tororo inaweza kupita chini ya miguu ya mtazamaji, mabawa yake yakionekana kwa juu kama ya mwewe anayetafuta kifaranga.

Walio chini mjini huisikia kabla ya kuiona. Injini moja, mlio usiobadilika, kisha doa dogo jeupe mbele ya Mlima Elgon. Wengi huendelea na shughuli zao. Wachache husimama, hukinga jua kwa kiganja, na kungoja hadi namba iliyoandikwa ubavuni isomeke.

Wachache hawa wana tabu ya jina. Kwa Kiswahili, kama ilivyo kwa Kiganda, neno moja hubeba ndege mwenye manyoya na ndege mwenye injini. Ukisema Jinja kwamba wewe ni mpenzi wa kutazama ndege, utaelekezwa mtoni uende ukamtafute korongo na mdiria. Ndiyo maana wengine hulazimika kuongeza, "za chuma." Wazee waliokuwa wakisema "eropleni" walikuwa na neno lililokata utata, na si vibaya likirudi.

Kwa nini mashariki ya Uganda? Entebbe ndiko kwenye uwanja mkubwa, na mtu angedhani mapenzi haya yangekaa huko. Jibu la kwanza ni Soroti, kilomita mia moja hivi kaskazini-magharibi ya Mbale. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ilifungua huko chuo cha kufundisha marubani na mafundi wa ndege wa Kenya, Uganda na Tanzania. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, mashirika yake ya reli, bandari, posta na ndege yaligawanywa. Chuo cha Soroti kilikuwa miongoni mwa vitu vichache vilivyonusurika. Leo kinaitwa Chuo cha Usafiri wa Anga cha Afrika Mashariki, ingawa anayekiendesha ni serikali ya Uganda peke yake. Jina ni la wote, gharama ni za mmoja.

Kanuni za kimataifa ndizo zinazoileta Soroti juu ya vichwa vya watu wa Mbale na Jinja. Kabla ya kupata leseni ya kwanza, mwanafunzi lazima aruke peke yake safari isiyopungua kilomita 270, akitua katika viwanja viwili tofauti njiani. Chukua ramani na rula. Kutoka Soroti hadi Tororo ni kilomita 130 hivi kwa mstari ulionyooka, na Mbale iko kandokando ya njia hiyo. Kutoka Tororo hadi Jinja ni kilomita 110 na ushei. Kutoka Jinja kurudi Soroti ni karibu 150. Pembetatu hiyo inatosheleza kanuni na kuzidi. Anayeitazama Cessna kutoka ardhini anaweza kuwa anamtazama kijana ambaye kwa mara ya kwanza maishani hana mwalimu kwenye kiti cha pembeni, na upande wake mmoja kuna mlima wa mita 4,321 wenye desturi ya kukusanya mawingu kila alasiri. Mtazamaji akilijua hilo, hawezi tena kuitazama ile Cessna kama kelele ya kupita.

Mto uliokuwa barabara

Jinja ina historia ndefu zaidi. Mwaka 1919, vita kuu ya kwanza ikiwa imemalizika karibuni, Jeshi la Anga la Uingereza lilituma vikundi vya wapimaji kutengeneza mlolongo wa viwanja kutoka Cairo hadi Cape Town. Jinja kilikuwa kimojawapo. Hapakuwa na lami wala taa, ni ardhi iliyofyekwa na kusawazishwa tu. Marubani wa wakati huo hawakuwa na redio ya kuwaongoza. Walifuata mto, na aliyeufuata Nile kuelekea kusini hakuweza kuyakosa Maporomoko ya Ripon, pale maji yanapotoka Ziwa Victoria. Mapema mwaka 1920 ndege aina ya Vickers Vimy, iliyogharimiwa na gazeti la The Times la London, ilijaribu njia hiyo. Iliondoka Brooklands, Uingereza, mwezi Januari, na Februari 27 ikaanguka Tabora. Waliokuwamo walinusurika.

Maporomoko yenyewe hayapo tena. Yalimezwa na maji baada ya kujengwa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954.

Baadaye ziwa lenyewe likawa uwanja. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha safari za barua kutoka Uingereza hadi Mwanza, na kuanzia 1937 ndege zake kubwa zinazotua majini zilifanya safari ya Southampton hadi Durban zikipitia Port Bell, karibu na Kampala, na Kisumu. Jinja iko katikati ya vituo hivyo viwili. Baada ya vita ya pili ndege za majini za BOAC ziliendelea kutua Port Bell hadi mwaka 1950. Miaka miwili tu baadaye, Mei 2, 1952, Comet ya BOAC iliondoka London na abiria katika safari ya kwanza duniani ya kibiashara kwa ndege ya jeti. Ilikuwa ikienda Johannesburg, na mojawapo ya vituo vyake ilikuwa Entebbe. Kwa hiyo Uganda ilipata safari za kibiashara za jeti ya abiria kabla ya New York kuzipata, habari ambayo haitajwi mara nyingi hata Uganda kwenyewe.

Herufi moja baada ya 5

Ila ukitaka kumwona mpenzi wa ndege wa makamo au mzee akichangamka, usimwulize habari za Waingereza. Mwulize kuhusu East African Airways.

Shirika hilo lilianza kuruka mwaka 1946 likiwa na ndege sita za Dragon Rapide, za injini mbili na mabawa ya mbao yaliyofunikwa kitambaa. Lilikuwa mali ya pamoja ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Likapanda ngazi hadi DC-3, kisha Comet, kisha Fokker Friendship, na mwaka 1966 likapokea Super VC10 yake ya kwanza, jeti yenye injini nne zote zimebanwa mkiani. Mtu wa Jinja aliyezaliwa mwaka 1945 alikuwa na miaka 21 VC10 hiyo ilipofika. Leo amevuka themanini.

Namba za usajili ndizo zilizoonyesha umiliki wa pamoja. Ndege yenye 5X ilisajiliwa Uganda, 5Y Kenya, 5H Tanzania, na zote zilibeba alama ileile ya simba. Tofauti ilikuwa herufi moja. VC10 zilikuwa tano: 5X-UVA na 5X-UVJ za Uganda, 5Y-ADA ya Kenya, 5H-MMT na 5H-MOG za Tanzania. Mtoto aliyezikariri alikuwa amejifunza somo la uraia bila kujua.

Moja ilipotea mapema. Aprili 18, 1972, 5X-UVA ilishindwa kupaa Addis Ababa ikielekea Rome, na watu 43 kati ya 107 waliokuwamo wakafa. Nne zilizobaki ziliendelea hadi 1977, shirika liliposambaratika pamoja na Jumuiya. Kenya ilianzisha Kenya Airways, Tanzania ikaanzisha Air Tanzania, Uganda ikabaki na Uganda Airlines. VC10 hazikuchukuliwa na yeyote kati ya hao watatu. Zilirudi Uingereza zilikotengenezwa, zikanunuliwa na Jeshi la Anga la nchi hiyo, zikageuzwa kuwa ndege za kujazia mafuta ndege nyingine angani.

Kinachofuata wengi hapa hawakijui. Jeshi hilo lilizitumia VC10 hadi Septemba 20, 2013. Siku hiyo zilizoruka kazi ya mwisho zilikuwa mbili, na zote mbili zilikuwa zimevaa simba wa Afrika Mashariki zamani: 5H-MMT na 5H-MOG, chini ya namba mpya za kijeshi. Ile ya pili ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kuundwa kiwandani. Zilidumu miaka 36 baada ya shirika lililozinunua kufa. Siku chache baadaye zilipelekwa kwenye viwanja vya Bruntingthorpe na Dunsfold ili zihifadhiwe, na wapenzi wa ndege wa Uingereza walijipanga kwenye nyua kuzipiga picha zikitua. 5X-UVJ, ile ya Uganda, haikuwa miongoni mwa mbili hizo. Afrika Mashariki haikubaki na VC10 yake hata moja.

Waingereza hawastahili kulaumiwa kwa kutunza walichonunua. Ila mwanafunzi wa Mbale anayetaka kugusa ubavu wa ndege ambayo babu yake aliiona Entebbe atahitaji viza na nauli ya kwenda Ulaya. Hapa nyumbani kilichobaki ni picha zilizokunjamana ndani ya masanduku, vipande vya tiketi, na watu wanaokumbuka. Hao hupungua kila mwaka.

Simu haioni kila kitu

Kizazi kipya kinatazama kwa njia nyingine. Ndege nyingi za abiria siku hizi hutangaza zenyewe kwa redio jina la safari, kimo na mahali zilipo, na programu za simu kama Flightradar24 huchora yote hayo kwenye ramani. Kijana akiwa Jinja anaweza kuionyesha simu angani na kusema ile inatoka Addis Ababa, ile inatoka Ghuba, zote zikielekea Entebbe. Mwenzake wa Kisumu au Eldoret, upande wa pili wa mpaka, humtumia picha kwa WhatsApp kabla ndege haijatua.

Windo kubwa kwa sasa ni Airbus A330-800 mbili za Uganda Airlines. Shirika la zamani lilifungwa mwaka 2001. Jipya lilianza safari Agosti 28, 2019 kwa ndege ndogo za CRJ900 kati ya Entebbe na Nairobi, kisha likapokea Airbus ya kwanza Desemba 2020 na ya pili Februari 2021. Aina hiyo ni adimu. Mashirika yaliyoinunua ni machache mno, na wapenzi wa ndege wa Ulaya na Asia hufunga safari ili waipate moja tu. Namba zake ni 5X-NIL, kwa heshima ya mto, na 5X-CRN, kwa heshima ya korongo. Hapo wale wa manyoya na wale wa chuma angalau wamekutana.

Lakini simu ina upofu wake. Cessna ya mafunzo isiyo na chombo cha kutangaza haionekani kwenye ramani. Ndege za jeshi nazo huonekana pale tu zinapotaka. Kwa Jinja hili si dogo, maana uwanja wa Kimaka umepakana na maeneo ya jeshi, kikiwemo chuo cha makamanda. Kuinua kamera hapo ni kujitafutia maswali, na anayejibu vibaya anaweza kulala ndani. Wenye uzoefu hawapigi picha Kimaka. Hutazama, huandika daftarini, huondoka. Kinachowaumiza ni kwamba hakuna utaratibu unaojulikana wa mraia kuomba ruhusa ya kupiga picha ndege ya kiraia akiwa mahali salama, jambo ambalo viwanja kadhaa duniani vimelimaliza kwa kutenga jukwaa la watazamaji.

Jumuiya mpya ina chombo chake cha usalama wa anga, CASSOA, chenye makao Entebbe. Kazi yake ni kanuni na ukaguzi, si kumbukumbu. Hata hivyo, viwango vinavyofanana kwa marubani na mafundi wa nchi wanachama ndilo wazo lilelile lililozaa chuo cha Soroti mwaka 1971, na safari hii linajaribiwa bila shirika la ndege la pamoja.

Daftari la mtazamaji makini ni kitu rahisi: tarehe, saa, mahali aliposimama, aina ya ndege, namba yake, ilikotoka na ilikoelekea. Waliofanya hivyo miaka ya 1960 na 1970, pengine kwenye kurasa za nyuma za madaftari ya shule, wana habari ambazo haziko kwenye simu ya mtu yeyote: siku gani DC-3 ilitua na mvua, nani alikuwa anasubiri chini, mzigo gani uliteremshwa. Huko Walukuba na Namatala wapo ambao bado hawajaulizwa. Baadhi yao wanaikumbuka namba nzima, 5X na herufi zake tatu, kuliko wanavyokumbuka namba ya simu ya mtoto wao.