Adhuhuri ya Waingereza ilikuwa saa tisa

Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu wetu wa Kiingereza alipenda imla kuliko chakula. Siku moja alituamuru tuandike: My son rises early. Mwanangu huamka mapema. Mimi nikaandika my sun, jua langu huchomoza mapema. Daftari likarudi na wekundu mwingi, na darasa zima likacheka. Nilinuna, kwa kuwa sentensi yangu ilikuwa na ukweli kuliko yake. Watoto wa kiume niliowafahamu, nikiwemo mimi, hawakuwahi kuamka mapema bila kumwagiwa maji.

Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba sikio langu halikukosea. Sun na son hutamkwa sawasawa kabisa: san, kwa a fupi inayokatwa upesi, mdomo usipanuke kama tunavyoupanua kwa neno "sana". Katika Kiingereza cha kale jua lilikuwa sunne na mtoto wa kiume sunu, yote kwa u. Tatizo likaja na kalamu. Waandishi wa Zama za Kati waliandika u, n, m na v kwa vijiti vilivyosimama wima, na vijiti hivyo vikipangana msomaji hajui herufi moja inaishia wapi. Kumwokoa, wakaanza kuweka o mahali pa u. Ndiyo maana son, love, monk na come zina o isiyotamkwa o. Jua likaachiwa u yake. Shakespeare alipofungua tamthilia yake ya Richard III kwa kuchezea maneno haya mawili, jua la ukoo wa York likiwa papo hapo ndiye mwana wa York, alipigiwa makofi. Mimi kwa mchezo uleule niliambulia kalamu nyekundu.

Tangu hapo nimekuwa nikiyachunguza maneno ya Kiingereza yenye jua ndani yake, na nimegundua kwamba Waingereza nao wameyavuruga vizuri tu.

Chukua solar, linalotokana na sol, jua kwa Kilatini. Fundi wa kwetu husema "nimefunga sola" na paneli inawaka bila kinyongo. Mwingereza husema soula, o yake ikiteleza kuelekea u. Lakini solstice, ndugu wa damu wa solar, ina o fupi na mkazo mwanzoni: sólstis. Maana yake ni kusimama kwa jua. Kila mwaka, karibu na 21 Juni na 21 Desemba, jua hufika ukomo wake wa kaskazini au wa kusini, na kwa siku kadhaa mahali linapochomozea huonekana kama hapasogei. Kisha linageuza njia.

Halafu kuna zile kofia ngumu nyeupe walizovaa maofisa wa kikoloni, ambazo bado tunaziona kwenye picha za zamani. Ziliitwa sola topi. Sola ni mmea wa India wenye kiini chepesi kama sponji, na kofia zilitengenezwa kwa kiini hicho. Jina hilo halihusiani na jua hata kidogo. Waingereza wengi, kwa kuwa kofia ilikuwa ya kuwakinga na jua, wakaandika solar topee na kuridhika kabisa.

Kioja kikubwa zaidi kiko sokoni kwao. Kuna kiazi kinachoitwa Jerusalem artichoke. Hakikutoka Yerusalemu bali Amerika Kaskazini, na si artichoke. Ni ndugu wa alizeti. Waitaliano waliliita ua la aina hiyo girasole, yaani linalogeuka na jua. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba sikio la Mwingereza lilishindwa na girasole, likasikia Jerusalem, na mji mtakatifu ukaingia kwenye supu. Anayemcheka mwenzake kwa kusema "sanilaizi" badala ya sunrise na akumbuke supu hiyo.

Upande wa Kigiriki jua ni helios. Mnamo 18 Agosti 1868 jua lilipatwa, na Mfaransa Jules Janssen alikuwa Guntur, India, akiuchambua mwanga wa kingo zake. Miezi michache baadaye Norman Lockyer, akiwa Uingereza, aliuona mstari wa njano katika mwanga wa jua usiolingana na elementi yoyote iliyojulikana. Elementi hiyo ikaitwa helium, na mwisho wake ukafananishwa na majina ya metali, kwa kuwa Lockyer alidhani ni metali. Ilikuwa gesi. William Ramsay aliipata hapa duniani mwaka 1895. Litamkwe híiliam. Helikopta, kwa wanaoshuku, haimo katika ukoo huu: inatokana na Kigiriki cha kitu kilichojipinda kama skrubu, pamoja na bawa.

Mapema Julai dunia huwa mbali zaidi na jua, kilomita milioni 152 hivi, na mahali hapo wanajimu wanapaita aphelion. Wapo wanaosema afíilion. Wapo wanaotenganisha, ap-híilion, kwa hoja kwamba p ni ya neno la kwanza na h ni ya jua. Kamusi zimechoka kuamua. Zinaweka yote mawili.

Eclipse, iklíps, linanifurahisha zaidi kwa maana. Kwa Wagiriki lilikuwa ni kuachwa, jua limeshindwa kutokea. Sisi tunasema jua limepatwa, kama mtu aliyepatwa na msiba. Mgiriki analilaumu jua, Mswahili analipa pole. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa mkoani Mbeya kulitazama likibaki pete ya moto, na waliokuwa na miwani maalumu walizungukwa na majirani wakiomba zamu.

Lakini neno ninalolipenda kuliko yote ni noon, nuun, saa sita mchana. Limetoka kwa Kilatini nona, ya tisa. Warumi waliihesabu siku kuanzia jua linapochomoza, saa ya kwanza, ya pili, ya tatu, na saa ya tisa iliangukia alasiri. Watawa walikuwa na sala ya saa hiyo, na baada ya muda sala hiyo ikawa inawahishwa kidogo kidogo, hadi jina la saa tisa likatua kwenye saa sita na kubaki hapo. Warumi pia walipata taabu ambayo sisi hatuijui: saa zao zilirefuka kiangazi na kufupika wakati wa baridi. Huku karibu na Ikweta mchana haupungui wala hauzidi sana saa kumi na mbili, kwa hiyo hesabu ileile imetulia mikononi mwetu hadi leo.

Fungua Mathayo 27:45. Giza linaingia saa sita na kuondoka saa tisa, na msomaji wa Kiswahili anapita bila kujikwaa, maana ndivyo saa yake ya ukutani inavyosomwa. Msomaji wa Kiingereza, katika tafsiri za zamani, anakuta saa ya sita na ya tisa, na ni lazima aelezwe kwamba si alfajiri wala asubuhi.

Mtawa wa zamani zile akifufuka leo pale Kariakoo, akauliza ni saa ngapi, muuza maji akamjibu "saa tisa", atainua macho, ataliona jua limeinama kidogo upande wa magharibi, na ataanza sala yake. Mwalimu wangu wa imla ndiye atakayehitaji mkalimani.