Ufafanuzi Kuhusu Kukua kwa Matiti ya Wanaume na Upasuaji Wake

Wafanyakazi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanajulishwa kwamba kukua kwa matiti ya mwanamume ni hali inayojulikana na yenye matibabu. Si laana, wala si alama ya kupungukiwa uanaume. Ufafanuzi huu unatolewa kwa kuwa wengi wanaopatwa na hali hiyo huificha kwa miaka, na baadhi yao hujiamulia mambo kwa siri kwa namna inayohatarisha maisha.

Kila mwanamume ana tezi ndogo chini ya chuchu. Mwilini mwake zimo homoni za kiume na kiasi kidogo cha homoni za kike; mizani ikielemea upande wa kike, tezi hiyo hukua. Kwa vijana wanaobalehe jambo hili hutokea mara nyingi, na kwa walio wengi huondoka lenyewe baada ya miezi 6 hadi miaka 2. Kijana wa skuli anayekataa kuvua shati pwani mbele ya wenzake aelezwe hayo kwa upole, wala asikimbizwe kwenye kisu.

Kwa mtu mzima, sababu lazima itafutwe kwanza. Yaweza kuwa maradhi ya ini au ya figo, uvimbe wa korodani, au sindano za kutunisha misuli. Yaweza pia kuwa dawa: spironolaktoni anayopewa mgonjwa wa moyo, simetidini ya vidonda vya tumbo, au efavirenzi, iliyotumika kwa miaka mingi katika matibabu ya UKIMWI. Hapa ndipo penye hatari kubwa. Mgonjwa akiona kifua chake kinabadilika, akaacha dawa bila ya kumwambia mtu, virusi huongezeka tena na huweza kuwa sugu. Titi lililokua kwa sababu ya dawa halimuui mtu. Kuacha dawa kunaweza kumuua. Daktari akielezwa mapema, huweza kumbadilishia.

Aidha, uvimbe mgumu wa upande mmoja, au chuchu inayotoa damu au kuzama ndani, uonyeshwe hospitali bila ya kuchelewa. Saratani ya matiti huwapata wanaume pia, takriban mgonjwa 1 katika kila 100.

Upasuaji hufikiriwa pale tezi iliyokaa zaidi ya mwaka mmoja inapokuwa ngumu, kwani hapo dawa hazisaidii sana. Si jambo geni. Paulo wa Aegina, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 7, naye mtu wa kisiwani, alieleza namna ya kupasua kwa umbo la mwezi mwandamo chini ya titi. Mwaka 1946 daktari Webster alieleza mkato unaopita ukingoni mwa duara jeusi la chuchu, ambao kovu lake halionekani sana. Siku hizi mafuta ya ziada hufyonzwa kwa mrija.

Mgonjwa aelewe kabla ya kutia saini kwamba damu huweza kujikusanya kifuani, chuchu kupoteza hisia, au kifua kubonyea. Baada ya upasuaji huvaa fulana ya kubana kwa wiki kadhaa, na hanyanyui vitu vizito. Nyama iliyoondolewa hupelekwa maabara kuchunguzwa, na majibu yake mgonjwa ayafuate mwenyewe.