Utata wa Maana na Usalama wa Viwanja vya Ndege

Katika mawasiliano baina ya rubani na mnara, utata wa maana huweza kuua. Tarehe 27 Machi 1977, huko Los Rodeos, Tenerife, rubani msaidizi wa KLM aliarifu, kwa Kiingereza, kuwa wamo "katika kuruka". Ndege ilikwisha kuanza kushika kasi. Mwongozaji alielewa kuwa ingali ikingoja ruhusa. Onyo la Pan Am, iliyokuwa bado kwenye njia hiyo hiyo, halikusikika vyema, kwani sauti mbili ziligongana redioni. Ukungu ulitanda, rada ya ardhini haikuwapo. Watu 583 walifariki. Baadaye istilahi ya "kuruka" ilitengewa ruhusa yenyewe na ufutaji wake tu. Kwingineko hutumika "kuondoka". Hivyo, usanifishaji wa istilahi ni kinga ya uhai.