Barua ya Kufutwa Kazi Ni Ushahidi

Tuseme mhudumu wa hoteli moja mjini Kisumu ameambiwa na supavaiza wake kwamba zamu za wikendi, zile zenye bakshishi, atazipata akikubali kutoka naye. Anakataa, kisha anamwandikia meneja malalamiko. Wiki tatu baadaye anapewa barua ya mistari minne: huduma zake hazihitajiki tena, arudishe sare, apitie kwa mhasibu. Jamaa wakimshauri, swali lao la kwanza ni kama ana shahidi. Mimi ningeuliza kwanza ile barua iko wapi.

Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza mwajiri, mwakilishi wake au mfanyakazi mwenza kudai ngono kwa ahadi au kwa vitisho, na pia maneno, picha na mguso usiotakiwa. Mwajiri wa watu 20 au zaidi lazima awe na sera ya maandishi kuhusu jambo hili. Muulize akuonyeshe yake, uone atakavyobabaika. Tatizo ni kuthibitisha. Anayekushika kiuno stoo huchagua saa ambayo stoo haina mtu.

Kufutwa kazi hakufichiki hivyo. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri anayetoa shutuma za utovu wa nidhamu au utendaji mbaya amweleze mfanyakazi kosa lake na kumsikiliza, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Kifungu cha 43 kinamtwika mwajiri jukumu la kuthibitisha sababu. Akishindwa, kuachishwa huko si kwa haki. Na kifungu cha 46 kinasema kumlalamikia mwajiri si sababu halali ya kumfuta mtu, ila kama malalamiko hayana msingi. Sasa weka tarehe ya malalamiko kando ya tarehe ya barua. Wiki tatu, bila kikao, bila barua ya kujieleza: ni mwajiri sasa mwenye maswali ya kujibu.

Vipi aliyejiuzulu kwa kuchoshwa? Tangu 2015 Mahakama ya Rufani imekubali kwamba mwajiri akivunja mkataba kiasi cha kumlazimisha mtu aondoke, huko nako ni kufutwa. Ila usikimbilie kutia sahihi hati inayosema umelipwa yote na huna dai lolote. Majaji wameshaziheshimu hati za aina hiyo, na pesa ya nauli haitoshi kununua kesi yako.

Kwa afisa wa leba, malalamiko ya kufutwa hupelekwa ndani ya miezi mitatu. Mahakamani una miaka mitatu. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kituo Kisumu. Anayelipwa si zaidi ya shilingi 80,000 kwa mwezi husikilizwa na hakimu. Fidia ya kufutwa haizidi mshahara wa miezi 12, lakini mahakama zimewahi kutoa nyingine ya pekee kwa unyanyasaji wenyewe, kwa sababu Katiba inalinda utu.

Njia ya jinai ni tofauti, na haizuii ile ya madai. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, mwenye mamlaka anayemsumbua mtu kingono kwa kurudiarudia anaweza kufungwa miaka isiyopungua mitatu au kutozwa faini isiyopungua shilingi 100,000. Hapo ushahidi lazima uondoe shaka. Ukiwa umeshambuliwa, hospitali kwanza, kisha polisi na fomu ya P3, ile ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha.

Wanawake wa jaboya, wanaolazimishwa kulala na wavuvi ili wauziwe samaki, hawamo katika ulinzi huu wa waajiriwa. Mvuvi si mwajiri wao, kwa hiyo kifungu cha 6 hakiwafikii. Kina mama wa Nduru, ufuoni mwa Ziwa Victoria, walitafuta mashua zao wenyewe, na kwa maoni yangu zilifanya zaidi ya sheria, mpaka mafuriko ya 2020 yalipoufunika ufuo.

Mwenye barua mkononi asingoje. FIDA Kenya wana ofisi Kisumu na huwasaidia wanawake wasiomudu wakili. Nambari 1195, ya msaada kwa waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, hupigwa bure. Nenda na nakala ya barua, ile halisi ibaki nyumbani, na jumbe za WhatsApp usizifute hata moja.