Kinywa cha Mbwa na Harufu Yake

Mbwa anayenuka kinywa mara nyingi hufukuzwa barazani, na jambo huishia hapo. Watu husema kwamba ndivyo mbwa walivyoumbwa. Dhana hiyo si sahihi. Mbwa mwenye afya huweza kuwa na harufu kidogo ya chakula alichokula, lakini uvundo unaodumu siku baada ya siku ni dalili ya ugonjwa, na mara nyingi ugonjwa huo umo katika fizi.

Chanzo cha harufu

Mbwa mzima ana meno 42, yaani kumi zaidi ya binadamu. Juu ya meno hayo hujengeka kila siku utando laini wa mate, mabaki ya chakula na bakteria. Utando huo usipoondolewa, madini ya kalsiamu yaliyomo katika mate huugandisha kwa muda wa siku chache ukawa ukoga, kitu kigumu chenye rangi ya manjano au kahawia. Mate ya mbwa yana alkali zaidi kuliko ya binadamu. Ndiyo sababu meno ya mbwa hayatoboki kwa urahisi, ila hushikwa na ukoga upesi.

Ukoga huwapa bakteria mahali pa kushikilia. Huenea mpaka chini ya ufizi, pasipofika oksijeni, na huko huvunjavunja protini za chakula, damu na seli zilizokufa. Kazi hiyo hutoa gesi zenye salfa, ikiwamo haidrojeni salfaidi, gesi ile ile inayonuka katika yai viza.

Wakati huo huo fizi huvimba, huwa nyekundu na kutoka damu. Baadaye ufizi huachana na jino, mfupa wa taya huliwa polepole, na mwishowe jino hulegea na kung'oka. Mbwa wengi waliopita umri wa miaka mitatu huwa na dalili za ugonjwa huu, na mbwa wa aina ndogo, ambao meno yao yamebanana, huathirika zaidi. Kwa kuwa mbwa huendelea kula hata akiwa na maumivu, mara nyingi harufu ndiyo inayomzindua mwenyewe kwanza.

Yapo pia magonjwa mengine. Harufu kama ya mkojo yaweza kuonyesha kwamba figo zimeshindwa kuondoa taka mwilini. Harufu tamu kama ya matunda yaweza kutokana na kisukari. Uvimbe wa kansa, au kipande cha mfupa kilichokwama kati ya magego, nao huleta uvundo.

Hadhari

Mbwa ambaye taya lake linaning'inia, anayetoka udenda na asiyeweza kumeza, huonekana kana kwamba amekwamwa na mfupa. Lakini dalili hizo hizo ni za kichaa cha mbwa cha namna ya kupooza, na virusi vya ugonjwa huo vimo katika mate. Mtu asitie mkono kinywani mwa mbwa huyo kwa nia ya kumsaidia. Watu na wanyama wakae mbali naye, na daktari wa mifugo aitwe. Aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate katika jeraha, aoshe mahali hapo mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza kwa mtu, ugonjwa huu karibu kila mara huua. Chanjo hufaa kabla ya hapo.

Kinga

Njia iliyo bora ni kuuondoa utando kabla haujaganda. Mbwa azoeshwe tangu udogoni: kwanza aguswe midomo na fizi kwa kidole, kisha meno yafutwe kwa kitambaa laini kilicholowana, hatimaye yapigwe mswaki laini kila siku, hasa upande wa nje wa magego ya juu. Maji matupu yanatosha. Dawa ya meno ya binadamu isitumike, kwa kuwa mbwa huimeza. Floridi humdhuru, na zailitoli iliyomo katika baadhi ya dawa hizo ni sumu kwake.

Wengi hutegemea mifupa. Ni kweli kwamba kutafuna hupunguza utando, lakini mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo, na mifupa migumu mno huvunja magego.

Ukoga uliokwisha kuganda hautoki kwa mswaki, wala usikwanguliwe kwa kisu nyumbani. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo, ambaye humlaza mbwa kwa dawa ya usingizi na kusafisha mpaka chini ya ufizi. Siku hiyo hiyo mwenye mbwa aulize kama chanjo ya kichaa imefika wakati wake.