Maua Yajitangaze: Mkulima Mdogo Anavyoweza Kupata Wateja Bila Kulipia Tangazo

Katika miji ya pwani, kuanzia Unguja hadi Mombasa na Lamu, asumini huchumwa ikiwa bado tumba. Wanawake huzitunga kwa uzi au kuzifunga vikuba pamoja na mrehani, waridi na mkadi. Usiku ukiingia tumba hufunguka na harufu ikatanda uchochoroni. Muuzaji hana bango wala kipaza sauti. Tangazo lake ni bibi aliyevaa kikuba kwenda harusini, maana wenzake watataka kujua amekipata kwa nani.

Swali hilo ndilo mtaji wa kila mkulima mdogo wa maua. Mashamba makubwa ya Naivasha hupeleka waridi Ulaya kwa ndege, na maua mengi hupitia mnada wa Aalsmeer, Uholanzi. Mashamba hayo yana vyumba vya baridi, mawakala na mikataba. Mwenye robo eka Limuru, Lushoto au Usa River hana hata kimoja kati ya hivyo, na ua lake likishakatwa joto halimsubiri. Anahitaji wanunuzi wa karibu, wanaojulikana kabla kisu hakijagusa shina. Fedha za matangazo huenda asiwe nazo, lakini bidhaa yake huvuta macho yenyewe. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba popote ua linapokwenda, jina lake linakwenda nalo.

Mahali pa kuanzia ni pale watu wanapokusanyika. Parokia na sharika nyingi zina kikundi kinachopamba madhabahu. Mkulima anayejitolea maua ya Jumapili moja kila mwezi huonwa na watu walewale wanaooza watoto, wanaobatiza na wanaozika. Akiomba sentensi moja tu wakati wa matangazo, kwamba maua ya leo yametoka shamba la fulani, ameshawafikia waumini wote kwa mkupuo. Saluni, mgahawa na mapokezi ya zahanati nako hufaa: shada dogo kila wiki, likae palipo na kivuli na watu wanaosubiri.

Shada hilo lisiende bila kitambulisho. Kipande cha karatasi ya manila chenye upana wa vidole viwili, kilichotobolewa na kufungwa kwa uzi wa katani, kinatosha. Upande mmoja linaandikwa jina la shamba na namba ya simu kwa wino usioyeyuka. Upande wa pili yanaandikwa maelekezo: kata shina mshazari, ondoa majani yatakayozama, badilisha maji kila baada ya siku mbili. Mteja akiyafuata maua yatadumu, na kadiri yanavyodumu ndivyo wageni wengi zaidi watakavyoyakuta mezani.

Simu ya mkononi nayo ina nafasi yake. Programu ya WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, ni ya bure na ina katalogi ya kuweka picha na bei. Kusajili shamba kwenye ramani ya Google pia hakulipiwi, na humsaidia mgeni anayetafuta maua karibu na alipo. Picha nzuri hupigwa asubuhi kabla jua halijawa kali, kivulini, nyuma pakiwa na ukuta usio na mapambo, na mkono ukishika shina ili ukubwa uonekane. Maneno yawe kamili: aina, rangi, idadi ya mashina, bei na siku ya kuchuma. Kuandika “Maua yapo, karibuni” hakumfai mpambaji anayesaka mashina 150 meupe kwa ajili ya Jumamosi.

Wapambaji wa kumbi ndio wa kufuatwa kwa miguu. Wao hununua karibu kila wiki, na mpambaji mmoja aliyeridhika ana thamani zaidi kuliko wapita njia wengi. Wakati mzuri ni Jumatatu au Jumanne, pilika za harusi zikiwa zimetulia. Mkulima aende na ndoo ya sampuli, awaachie mashina machache wajionee yanakaa siku ngapi majini, kisha aulize ni rangi gani huwasumbua kupata. Oda ikizidi uwezo wake, aijazie kwa jirani badala ya kuikataa. Wauza maua wa City Market, Nairobi, nao hufikika kwa njia hiyohiyo.

Njia hii ya kuacha maua yajitangaze imetumika kwingine pia: huko Marekani, Erin Benzakein wa shamba la Floret, katika bonde la Skagit jimboni Washington, alianza kwa kuuza maua ya bustani yake mwenyewe. Aliandika na kupiga picha za kazi ya shambani, mbegu kwa mbegu, na wasomaji wakageuka wateja. Mwaka 2017 alichapisha kitabu kuhusu kilimo cha maua ya kukata.

Kalenda nayo ni chombo cha kutafutia soko. Gladiola huchukua takriban siku 70 hadi 100 tangu tunguu kupandwa, kwa hiyo maua ya Siku ya Wapendanao, tarehe 14 Februari, hupandwa Novemba. Siku zinazofuata ni Siku ya Wanawake, 8 Machi, na Siku ya Mama, Jumapili ya pili ya Mei. Picha ya tuta lililoanza kuchipua, ikitumwa wiki nne kabla pamoja na mwaliko wa kuweka oda, humpa mkulima hesabu ya wanunuzi mapema.

Hata hivyo, maua yanayotolewa bure yana gharama: maji, mbolea na jasho. Ndiyo maana kila mteja mpya aulizwe alisikia wapi habari za shamba, na jibu liandikwe daftarini: kanisani, saluni, simu, mpambaji. Baada ya miezi mitatu, shada la mahali pasipoleta mtu lihamishiwe kwingine.