Zebaki na Kinga ya Mamalia wa Baharini

Wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya wanaijua vizuri zebaki. Hukamata chembe za dhahabu, kisha huchomwa ikawa mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke huo hauishii mwaloni. Hukaa hewani miezi kadhaa, husafiri na upepo, na sehemu yake huangukia baharini. Mwaka 2015 uchimbaji mdogo wa dhahabu duniani ulitoa zaidi ya theluthi moja ya zebaki yote iliyotupwa hewani na binadamu.

Majini, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, ambayo haitoki mwilini upesi. Samaki mkubwa humla mdogo, na pomboo na sili, walao samaki maisha yao yote, hulimbikiza kiasi kikubwa. Ini lao hujitetea kwa kuifunga zebaki pamoja na seleniamu, madini ambayo mwili unayahitaji pia kupambana na magonjwa.

Mwaka 2001 ilichapishwa taarifa ya jamaa wadogo wa pomboo 86 waliokufa katika pwani za England na Wales. Kati yao 49 walikuwa na afya njema, wakafa kwa majeraha kama ya kunaswa nyavuni. 37 walikufa kwa maambukizi. Maini ya hao 37 yalikuwa na zebaki nyingi zaidi. Kisha mwaka 2008 watafiti wa sili wa Bahari ya Kaskazini walieleza kwamba chembe nyeupe za damu, zikitiwa methili-zebaki maabara, hufa au hushindwa kuongezeka.

Hata hivyo tusitie chumvi. Mnyama mgonjwa hukonda, na kukonda kwaweza kupandisha kipimo cha zebaki. Tena bahari ile ina sumu nyingine za viwandani. Lakini ushahidi wa pande hizo mbili unatosha kutushtua.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Kwa parokia zenye wachimbaji, sisi tungeanza na chombo kilichofungwa kinachokamata mvuke na kuupoza uwe zebaki tena. Mchimbaji huitumia upya, akaokoa fedha, na mama anayechomea dhahabu kwenye jiko la nyumbani, watoto wakiwa pembeni, havuti tena mvuke ule kabla haujafika kwa pomboo yeyote.